Kusajili laptopu za ofisi kwenye mfumo wa usimamizi: anza na daftari

Ofisi yetu iko Kilimani, Nairobi, karibu na Ngong Road, na ina laptopu 43. Hesabu hiyo naiamini kwa sababu niliifanya kwa mkono. Kabla ya hapo mhasibu alikuwa na 38 kwenye vitabu vyake, mimi nilikuwa na 40 kichwani, na nyingine zikajitokeza kwenye kabati la mapokezi, chini ya mabango ya kongamano ambalo hakuna anayelikumbuka. (Walimu wa Kiswahili wangependa niziite vipakatalishi. Nawaheshimu, lakini ofisini hakuna anayesema hivyo, hata mimi.)

Mwongozo huu ni wa mtu kama mimi: wewe peke yako ndiye idara nzima ya kompyuta, mkurugenzi ama mfadhili amesema vifaa vyote "viwe kwenye mfumo" kabla mwaka haujaisha, na hujui uanzie wapi. Nitaeleza kwa Microsoft Intune kwa sababu ndiyo tunayotumia. Kama barua pepe ya ofisi yenu iko Microsoft 365 Business Premium, tayari mnailipia, iwe mnajua ama hamjui.

Mfumo wenyewe unafanya nini? Laptopu ikishasajiliwa, inapiga hodi kwenye seva za mfumo na kuuliza: kuna agizo? Agizo linaweza kuwa sera ya nywila, programu ya kuwekwa, diski kufungwa kwa msimbo, ama laptopu ifutwe yote kwa sababu imeibwa. Robo saa ya kwanza baada ya usajili hodi inapigwa kila dakika 3, kisha kila dakika 15 kwa saa mbili, halafu takriban kila saa 8. Kumbuka hiyo saa 8. Itakuokoa siku utakayobadilisha sera saa tatu asubuhi na kuanza kulaani mfumo saa tatu na nusu.

Kubofya kwenyewe ni kama dakika 20 kwa laptopu. Kinachokula wiki ni yale yanayotangulia.

Daftari kwanza

Fungua jedwali, ama daftari la kawaida la kurasa 96, halafu zunguka ofisini. Kila laptopu ipate mstari wake: nambari ya mashine, modeli, anayeitumia, toleo la Windows, kama ni Home ama Pro, na hali ya betri. Nambari ya mashine huwa imebandikwa chini, lakini vibandiko hufutika kwa jasho la mapaja. Ikifutika, fungua PowerShell (dirisha la kuandikia Windows amri) uandike:

`Get-CimInstance Win32_BIOS`

Mstari wa SerialNumber ndio unaoutaka. Toleo la Windows utalipata ukiandika `winver`.

Kuna mambo mawili yatakayokusumbua hapa. La kwanza ni Home. Windows Home haiwezi kuunganishwa na akaunti za ofisi kwa njia tunayoitaka, kwa hivyo kila Home inahitaji leseni ya kuipandisha iwe Pro. Weka gharama hiyo kwenye bajeti mapema, maana mkurugenzi hapendi kuambiwa katikati ya kazi. La pili ni Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu ama AMD ya rika lake, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Andika `tpm.msc` uone toleo la chipu yako. Kwetu laptopu sita zilianguka mtihani huo. Usizisajili kwa huruma. Andika "zibadilishwe" na uendelee.

Zile za ex-UK

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo ya ng'ambo hailijui jambo hili na sisi ndilo linalotuumiza.

Ofisi nyingi ndogo za Nairobi hununua laptopu zilizotumika, zile tunazoziita ex-UK, kutoka maduka ya orofa za juu kwenye Moi Avenue, Luthuli na Kimathi. Si vibaya. Latitude ama ThinkPad ya miaka minne, ukiipanguza vumbi, itakutumikia vizuri. Shida ni kwamba zilikuwa za kampuni huko zilikotoka, na kampuni hizo nazo zilikuwa na mfumo kama huu.

Mwaka ule tuliponunua laptopu nane pamoja, saba zilikuwa safi. Ya nane niliifuta, nikaweka Windows upya, nikaiunganisha na Wi-Fi, na badala ya kuniuliza jina langu ikanikaribisha kwa jina la kampuni ya Uingereza na kudai barua pepe yao ya kazi. Nikaweka Windows tena. Ikanikaribisha tena, kwa adabu ileile. Sababu ni kwamba usajili wa Autopilot, huduma ya Microsoft inayoifanya laptopu ijitambulishe kuwa ya shirika fulani tangu inapowashwa, hauko kwenye diski. Uko kwenye seva za Microsoft, na umefungwa kwa alama ya vipuri vya mashine yenyewe, hasa ubao mama. Anayeweza kuutoa ni kampuni iliyousajili ama Microsoft. Fundi wa dukani alinionyesha ujanja wa kuanzisha Windows bila intaneti. Kweli ikafunguka. Lakini siku utakayoifuta tena ikiwa mtandaoni, wenyewe wanarudi, na hata ukitaka kuisajili upande wako mfumo unakataa kwa sababu ina mwenyewe. Duka lilinibadilishia, baada ya safari tatu za mjini.

Tangu siku hiyo sitoi pesa kabla ya kufanya hivi palepale kaunta:

1. Mwambie muuzaji arudishe laptopu kwenye hali ya kiwandani mbele yako. Ataguna. Kaa.
2. Iwashe, na ikifika mahali pa kuchagua mtandao, iunganishe na hotspoti ya simu yako. Usikubali "tutaweka intaneti baadaye".
3. Ikikuuliza kama ni ya matumizi binafsi ama ya kazi, iko huru. Ikikutajia jina la kampuni, irudishe rafuni.
4. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla Windows haijawaka). Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, irudishe rafuni vilevile.

MacBook nayo ina lake: ikisema kwamba inasimamiwa kwa mbali na shirika fulani wakati wa kuianzisha, hiyo si yako hata kama una risiti.

Zungumza na watu kabla ya mashine

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutuma barua pepe ya mistari miwili: laptopu zote zitasajiliwa wiki ijayo, tafadhali ushirikiano. Kufikia saa saba mchana habari jikoni ilikuwa kwamba IT inaweka kamera. Mtu mmoja wa miradi alibandika plasta juu ya kamera ya laptopu yake. Mhasibu wetu, ambaye sote humwita Mama, alikuja mezani kwangu mwenyewe.

"Kijana, hii kitu itaniona nikiongea na watoto wangu WhatsApp?"

"Hapana, Mama. Itaona kwamba WhatsApp imewekwa kwenye laptopu. Mazungumzo haiyaoni."

"Na picha za harusi ya binti yangu?"

"Haizioni. Lakini laptopu ikiibwa nikaifuta kwa mbali, zitaenda na kila kitu."

Akanyamaza kidogo. "Basi nisaidie kuzitoa kwanza."

Nilijifunza zaidi kwa maongezi hayo kuliko kwa video zote nilizokuwa nimetazama. Siku iliyofuata niliita kikao cha nusu saa, nikaweka skrini yangu ukutani, nikafungua ukurasa wa laptopu yangu mwenyewe kwenye mfumo ili waone ninachokiona: nambari ya mashine, modeli, toleo la Windows, nafasi ya diski, orodha ya programu, mara ya mwisho ilipopiga hodi. Kisha nikawaambia yasiyoonekana humo: tovuti walizotembelea, ujumbe wao, nywila zao, picha zao. Nikaongeza jambo ambalo wasimamizi wengi hulipita kimya: barua pepe ya ofisi iko kwenye seva za ofisi, na ofisi inaweza kuifikia kwa njia nyingine, mfumo huu uwepo usiwepo. Ukificha hilo, watalijua siku mbaya.

Si heshima tu, ni sheria pia. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aelezwe ni data gani yake inakusanywa na kwa sababu gani. Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili ama Kiingereza rahisi: tunakusanya nini, nani anaona, laptopu ikipotea itakuwaje, ukiacha kazi itakuwaje. Kila mtu aweke sahihi. Ukurasa mmoja, si kumi na mbili. Kumi na mbili hazisomwi.

Kuhusu laptopu za binafsi: usizisajili. Na waonye watu juu ya kile kisanduku kinachotokea wanapoingia Teams ama Outlook kwenye kompyuta ya nyumbani, kinachoomba ruhusa ili shirika lisimamie kifaa. Kimewekewa tiki tayari. Wasipoitoa, kompyuta ambayo mtoto anachezea michezo inaweza kuingia kwenye orodha yako, na siku moja utaifuta kwa bahati mbaya.

Upande wa msimamizi

Hapa nitakwenda haraka kidogo, kwa sababu ni kubofya.

Hakikisha kila mtumiaji ana leseni yenye Intune. Kisha kwenye kituo cha Entra (kinachotunza akaunti na vifaa vya ofisi, na ambacho hadi 2023 kiliitwa Azure AD) tafuta sehemu ya "Mobility", uchague Intune, na kwenye "MDM user scope" (yaani ni watumiaji gani laptopu zao zisimamiwe) uweke "Some" na kikundi kimoja chenye wewe na watu wawili wavumilivu. Ikibaki "None", laptopu itaungana na ofisi lakini haitaingia kwenye usimamizi, nawe utashinda siku nzima ukitafuta kosa lisilokuwepo. "All" ni ya baadaye.

Sera za kuanzia ziwe chache. Zangu zilikuwa nne: diski ifungwe kwa BitLocker (kufuli ya diski ya Windows yenyewe) na ufunguo wa kurejesha uhifadhiwe Entra, skrini ijifunge baada ya dakika 10, masasisho ya Windows yaje yenyewe, saa iwe ya Nairobi. Hiyo ya mwisho inachekesha hadi ukutane na laptopu ya ex-UK ambayo kila mwaliko wa mkutano uko nyuma saa mbili ama tatu.

Weka pia utaratibu wa laptopu kugawiana masasisho zenyewe kwa zenyewe ndani ya ofisi. Windows inao, unaitwa Delivery Optimization. Laptopu 43 zikishusha sasisho moja kila moja kivyake, intaneti ya ofisi itatambaa na simu zote zitakujia wewe.

Kuna mtego kwenye vizuizi vya usajili. Utaona mahali pa kuzuia vifaa vya binafsi vya Windows, na utatamani kubonyeza mara moja. Ngoja. Ukivizuia, hata ile njia ya kuunganisha laptopu kupitia Settings, ambayo ndiyo nitakayoieleza hapa chini, nayo inazuiwa, isipokuwa laptopu iwe imetambulishwa mapema kuwa ni ya shirika. Sajili zilizopo kwanza, funga mlango baadaye.

Kwenye laptopu yenyewe

Chagua siku. Usiguse laptopu ya mhasibu tarehe 8 wala 19: PAYE inatakiwa KRA, mamlaka ya ushuru, kufikia tarehe 9 na VAT kufikia tarehe 20, na hakuna mfumo utakaokulinda na hasira ya siku hizo. Chaji iwe imejaa na chaja iwe ukutani, maana stima ikipotea katikati ya kufunga diski hutaki betri ya asilimia 11. Kisha:

1. Nakili kazi za mtumiaji kwenye OneDrive ya ofisi, na zake binafsi kwenye flashi yake. Hatua hii usiiruke. Akiingia kwa akaunti ya ofisi, Windows inamtengenezea makao mapya: eneo-kazi tupu, folda tupu. Faili za zamani hazijafutika, ziko kwenye makao ya zamani chini ya C:\Users, lakini mwenyewe hajui hilo na moyo wake utaruka mapigo.

2. Angalia saa na tarehe. Nilipoteza asubuhi moja kwa laptopu iliyokataa kila nywila ikisema kuna hitilafu ya muunganisho. Kwenye kona ya skrini palikuwa na tarehe ya mwaka 2019. Ile betri ndogo ya kwenye ubao mama ilikuwa imekufa, kwa hivyo kila ilipozimwa kabisa ilisahau siku, na seva hazizungumzi kwa usalama na mashine isiyojua leo ni lini. Betri mpya ikamaliza kesi.

3. Fungua "Settings", kisha "Accounts", kisha "Access work or school", bonyeza "Connect".

4. Hapa ndipo wengi hupotelea. Kisanduku kitakuomba barua pepe hapo juu. Usiandike bado. Teremka chini hadi maandishi madogo ya "Join this device to Microsoft Entra ID" na ubofye hapo. Ukiandika barua pepe hapo juu, laptopu itajiandikisha tu kama mgeni, haitakuwa ya ofisi.

5. Mtumiaji aingize barua pepe na nywila yake mwenyewe, kisha athibitishe kwa simu. Usimwombe nywila. Akikupa kwa hiari, ikatae.

6. Kisanduku kitaonyesha jina la shirika. Likiwa sawa, "Join", kisha "Done".

7. Anzisha upya. Kwenye skrini ya kuingia achague "Other user" na aingie kwa barua pepe ya ofisi. Windows itamwomba atengeneze PIN. Mwelezee kwamba PIN hiyo inafanya kazi kwenye laptopu hiyo peke yake, na isiwe mwaka wake wa kuzaliwa.

8. Mwache anywe chai. Programu na sera zinashuka.

Ujue pia kwamba anayeunganisha laptopu kwa njia hii huwa msimamizi wa mashine hiyo moja kwa moja, yaani anaweza kuweka programu yoyote. Kama hutaki, badilisha kwenye mipangilio ya vifaa ya Entra kabla ya kuanza, na nywila ya akaunti ya ndani ya dharura itunzwe na Windows LAPS. Mimi nilikumbuka baada ya laptopu ya tisa.

Imeingia kweli?

Usiamini kwa sababu hakuna kosa lililotokea. Fungua dirisha la amri uandike:

`dsregcmd /status`

Unatafuta mstari wa AzureAdJoined ukisema YES (jina la zamani bado limo humo), na chini yake anwani ya MdmUrl. AzureAdJoined ikiwa YES na MdmUrl ikakosekana, laptopu imeungana na ofisi lakini haisimamiwi. Rudi kwenye leseni na ile "MDM user scope". Kisha nenda kwenye kituo cha Intune, itafute kwa nambari ya mashine, na uweke tiki daftarini. Tiki inawekwa hapo, si ulipobonyeza "Done".

Halafu kagua ufunguo wa BitLocker. Ni tarakimu 48 na lazima uuone kwa macho yako kwenye ukurasa wa kifaa hicho Entra. Nasisitiza kwa sababu yalinikuta: laptopu moja ilikuwa imefungwa diski zamani, kabla ya mfumo, na ufunguo haukuwa popote. Mwenzetu alikuwa Kisumu kwa warsha, BIOS ikajisasisha usiku, na asubuhi skrini ya bluu ikamdai tarakimu 48. Alinipigia mara nne kabla ya kifungua kinywa. Hatukuwa nazo. Slaidi zake zilikuwa kwenye simu ya mshiriki mwingine, kwa bahati. Kazi ya mwezi mzima ya takwimu haikuwa popote. Siku hizi kwa laptopu iliyokuwa imefungwa tangu awali, nautuma ufunguo Entra kwa mkono ama naifungua diski na kuifunga upya, na sirudishi laptopu kabla sijauona na kuandika "ufunguo umeonekana" kwenye safu yake daftarini.

Laptopu mpya kutoka kwenye boksi

Hizi ni raha. Muuzaji mwenye kibali anaweza kuzisajili Autopilot kwa niaba yenu. Ulizeni kabla ya kutoa oda. Asipoweza, iwashe, iunganishe na intaneti, na kabla hujaingia kwa akaunti yoyote bonyeza Shift na F10, andika `powershell`, kisha flashi ikiwa imechomekwa:

`Set-ExecutionPolicy -Scope Process -ExecutionPolicy RemoteSigned`
`$env:Path += ";C:\Program Files\WindowsPowerShell\Scripts"`
`Install-Script -Name Get-WindowsAutopilotInfo`
`Get-WindowsAutopilotInfo -OutputFile D:\laptopu.csv`

Hakikisha kama flashi ni D ama herufi nyingine. Pandisha faili hiyo kwenye sehemu ya Autopilot ndani ya Intune, subiri kama robo saa, ipe wasifu, na izime. Atakayeifungua tena atakaribishwa kwa jina la ofisi yenu. Tulimtumia mwenzetu wa Lodwar laptopu ikiwa bado imefungwa kwenye boksi, na aliianzisha mwenyewe kwa hotspoti. Ilimla bando kweli, tulimrudishia.

Mac chache mlizonazo

Mtumiaji anapakua programu ya Company Portal, anaingia, anakubali wasifu wa usimamizi kwenye mipangilio, basi. Jambo la kuangalia liko upande wako: Mac haziwezi kusimamiwa bila cheti cha Apple cha kutuma arifa, na cheti hicho huisha kila mwaka. Lazima kihuishwe kwa akaunti ileile ya Apple iliyokitengeneza. Ukitumia akaunti yako binafsi halafu ukapata kazi Westlands, atakayekurithi atasajili Mac zote upya. Tengeneza akaunti ya Apple kwa anwani ya pamoja ya ofisi, na tarehe ya kuisha uiandike kwenye kalenda ya watu wawili.

Kufunga mlango

Laptopu zote zikishapata tiki, ndipo unaweka sharti kwamba barua pepe na faili za ofisi zifunguke tu kwenye kifaa kilichosajiliwa na kinachotimiza sera. Iweke kwanza kwenye hali ya kuripoti tu, wiki mbili, uone nani angefungiwa nje. Iache nje akaunti moja ya dharura yenye nywila ndefu iliyofungiwa kwenye sefu. Bila hiyo, sera moja mbaya inaweza kukufungia hata wewe, na hutakuwa na mlango wa kurudia.

Angalia pia mpangilio mmoja wa Intune: kifaa ambacho hakijapewa sera yoyote ya utiifu huhesabiwa kuwa kizuri kama mpangilio wa awali ulivyo. Ubadilishe. Vinginevyo sharti lako litapitisha kila mgeni.

Ikiibwa, na mtu akiondoka

Laptopu ikinyakuliwa kwenye matatu, mwenyewe akupigie simu kabla ya kwenda popote, halafu aende kituo cha polisi kuchukua nambari ya OB (kitabu cha matukio), bima wataidai. Wewe tuma amri ya kufuta na ubadilishe nywila ya akaunti yake. Usimdanganye mkurugenzi kwamba imefutika. Amri inasubiri laptopu ipige hodi, na mwizi mwerevu haiunganishi na intaneti. Kinacholinda faili usiku huo ni BitLocker. Kama ilikuwa na data za watu na diski haikufungwa, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72, kwa hivyo ile safu ya daftarini inayosema "ufunguo umeonekana" ndiyo utakayoifungua kwanza.

Mtu akiacha kazi, chukua laptopu mkononi kabla ya kufunga akaunti, okoa kazi za ofisi, kisha itumie amri ya "Wipe". Usitumie "Retire" kwa laptopu za namna hii: inaikata kutoka ofisini, na kama haina akaunti ya ndani hakuna atakayeweza kuingia tena, hata wewe.

Na mkiamua kuziuza zile kuukuu, futa mashine, kisha itoe Intune, kisha itoe Autopilot, mwisho itoe Entra, kwa mpangilio huo. Zile zetu sita zilizoanguka mtihani wa Windows 11 zilichukuliwa na fundi wa Luthuli. Alinifanyia lile nililozoea kuwafanyia wauzaji: akaziwasha moja moja pale kaunta, akaziunganisha na hotspoti yake, akasubiri aone zitamkaribisha kwa jina la nani.